Pilau ya Safari Nilipika Mwenyewe

Mliniacha wiki iliyopita nimepiga magoti nyuma ya kitanda cha mwanangu, kitambaa mkononi, nafuta kuvu nyeusi niliyokwisha kuifuta juzi yake. Mume wangu Hafidh alikuwa amesimama mlangoni na simu, ananionyesha bahari.

Kwa mgeni wa leo: mie ni Jokha, mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Wembley, mama wa Afnan, binti wa miaka mitatu. Flati yetu iko juu ya duka la samaki. Tukifungua dirisha inaingia harufu ya mapipa yao. Tukifunga, ukuta unatoka jasho na kuvu inapanda kama iliyopaliliwa. Winta hii Afnan amelazwa hospitali kwa pumu, akatoka, akalazwa tena. Kila tukimlalamikia mwenye nyumba, jibu lake ni moja: fungueni madirisha.

Yaani tuvute vichwa vya samaki ndo mtoto apone.

Ndipo Hafidh akaja na Gozo.

Gozo ni kisiwa kidogo pembeni ya Malta, katikati ya bahari ya Mediterania. Binamu yake Mwadini yuko kule na mkewe na mtoto wao wa kiume, anasafisha majumba wanayokodi watalii. Kila Ijumaa anapiga simu ya video. Jua. Ukuta wa mawe ya rangi ya asali. Bwawa la kuogelea la buluu.

"Kule sisi tutakuwa ekspati," Hafidh aliniambia.

"Ekspati ndo nani?"

"Mtu anayehamia nchi ya watu kutafuta maisha mazuri."

"Si ndo sisi hapa?"

"Hapa sisi wahamiaji, Jokha. Kule ukishuka na pasi ya Uingereza, wewe ekspati."

"Na vyoo vya watalii tutasugua kiekspati au kihamiaji?"

Akacheka. Hafidh akicheka uso wake wote unafunguka, mpaka unasahau ulikuwa unamuuliza nini. Shida zangu nyingi zimeanzia kwenye kicheko hicho.

Lakini nisimsingizie. Na mie nilikuwa nataka.

Nilikuwa namsikiliza Afnan akilala, kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta, nasema moyoni: jua. Hewa kavu. Mtoto anakimbia hakohoi. Kilichonizuia ni kitu kimoja: darasa langu. Jioni naenda koleji kusomea kazi ya msaidizi wa walimu wa nasari, na mtihani wangu ni Juni. Mie sikumaliza skuli nyumbani. Hiki ndicho cheti cha kwanza kitakachoandikwa jina langu.

Nilimwambia Shiku, Mkenya ninayekaa naye dawati moja. Mchana anawahudumia wazee majumbani mwao, jioni anakuja darasani na viatu vya kazi.

"Enda!" akaniambia. "Mimi nikipewa jua la bure naenda na slippers. Unangoja nini?"

"Mtihani."

"Basi fanya mtihani, halafu uende. Wacha kulia kama umeambiwa ni leo."

"Na kama Hafidh hataki kungoja?"

"Huyo bwana wako amengoja miaka yote hapa Wembley na mvua, atashindwa kungoja mpaka June? Ongea na yeye, mama. Si ni mtu?"

Nilirudi nyumbani na basi nikiwa nimeamua. Nitamwambia ndiyo. Twende, ila baada ya Juni. Nikapanga nimwambie Jumamosi, siku ya dua, watu wakishaondoka, ili furaha ziwe mbili.

Maana Hafidh alikuwa amesema Jumamosi tusome dua nyumbani. Mie nikadhani ya kumshukuru Mungu kwa kuwa Afnan katoka hospitali. Nani asingedhani hivyo?

Jumamosi asubuhi mama mkwe wangu, Bi Thureya, akaja kutoka Northampton. Kaja na begi kubwa, nikajua atakaa na sisi siku mbili tatu. Aliponiona tu akanikumbatia, akalia.

"Mwanangu, una moyo wewe," akaniambia. "Mie nisingeweza."

"Ndo mitihani, Mama. Tutafanyaje?"

"Kweli, mitihani yako nayo muhimu."

Nikamshangaa kidogo. Mie nilikuwa nasema mitihani ya Mungu, maradhi ya mtoto. Lakini vitunguu vilikuwa vinaungua, nikaenda kukoroga.

Nilipika, jamani. Pilau ya nyama ya mbuzi, kachumbari, sambusa, mkate wa mchele. Kuvu ya chumbani niliitundikia khanga mpya ili wageni wasiione. Wanaume wakakaa sebuleni, wanawake chumbani, viatu vikajaa ukumbini mpaka mlango haufunguki vizuri. Harufu ya ubani ikapigana na ya samaki. Ya samaki ikashinda.

Yasini ikasomwa. Mie nimekaa kizingitini, Afnan mapajani, namuombea. Sheikh akainua sauti kumalizia.

"Tumuombe Mwenyezi Mungu amsahilishie safari Bi Thureya, na mwanawe Hafidh, na mjukuu wake Afnan, wafike salama huko waendako..."

"Aamin," wakaitikia wanawake.

"...na ampe subira mama wa mtoto, anayebaki."

"Aamin."

Nami nikaitikia. Ndiyo. Mdomo ulikwishasema aamin kabla kichwa hakijasikia.

Nilikaa vile vile. Bibi mmoja aliyekaa upande wangu wa kulia akanipapasa bega. "Pole, mama. Kutengana kuzito. Lakini utawafuata."

Nikamwangalia kana kwamba anazungumza Kijerumani.

Kisha sinia za pilau zikapita juu ya kichwa changu. Watu wakanawa, wakala. "Mashallah, pilau imekaa." "Nani kapika?" "Mwenyewe Jokha." "Mkono mtamu huu." Mafuta yakawa yanawatiririka vidoleni. Nikamuweka Afnan kwa bibi yake, nikakimbilia jikoni, nikaliinamia sinki.

Sikutapika. Ingekuwa afadhali.

Mtu akafunga mlango wa jikoni nyuma yangu. Mwanamke mwembamba wa buibui, aliyekuja na akina mama wa Ilford. Tangu aingie nilikuwa sijamsikia akisema neno.

"Hukujua," akaniambia. Hakuuliza.

"Wewe nani?"

"Zuwena. Mke wa Mwadini."

Nikageuka. Huyu mwanamke kila Ijumaa tulikuwa tunaambiwa yumo bafuni. Mara anaoga, mara anatia udhu. Nilishawahi kumwambia Hafidh kwamba huyo shemeji atakuwa kageuka pweza.

"Wewe si uko Gozo?"

"Niko Ilford kwa mama tangu Ramadhani. Mama aliumwa, Mwadini akanambia nenda kamuuguze, mtoto niachie, wiki mbili nakufuata. Nikaja. Hakunifuata. Simu zangu anapokea akitaka."

"Na mtoto?"

"Yuko naye."

Alisema kavu, kama mtu aliyekwisha kulimaliza bakuli la machozi akalisuuza.

"Lile bwawa, zile nyumba za jua..."

"Za wageni. Mwadini anapiga simu wageni wakishatoka, kabla wengine hawajaingia. Sisi tulikuwa tunakaa chini, chumba cha mawe. Jua liko nje, dada. Winta ile nyumba inatoka maji. Godoro nililiinua siku moja, chini yake kuvu ina manyoya kama paka. Mwanangu hakuwa na pumu. Kaipatia kule."

Nikashika ukingo wa sinki. Ndani mlikuwa na masalia ya sahani, mifupa na punje za mchele zinaelea kwenye maji ya mafuta.

"Sasa Afnan wanamtakia nini?" nikauliza. "Kama mie siendi, mtoto mgonjwa wanamtakia nini?"

Zuwena akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Hawamtaki Afnan. Wanamtaka Bi Thureya. Mwadini yuko kazini kutwa, hana wa kumwangalizia mtoto. Na Hafidh akiingia kazi ile ile, atahitaji wa kumpikia na kumfulia. Bi Thureya kawaambia hasogei bila ya mjukuu wake. Ndo kachukuliwa mjukuu. Mie nimeyasikia kwa mdomo wa Mwadini mwenyewe, akijisifu kwenye simu. Leo nimekuja kwa ajili yako."

"Na mie?"

"Wewe huhitajiki."

Mlango ukasukumwa. Hafidh. Kavaa kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi. Zuwena akajifunika uso, akampita kama mgeni yeyote, na Hafidh hata hakumwangalia.

"Wageni wanataka chai," akasema.

"Safari lini, Hafidh?"

Akauvuta mlango nyuma yake. "Usianze, watu wapo."

"Lini?"

"Ndege kesho alfajiri. Usiku tunalala kwa rafiki yangu karibu na kiwanja. Tunatoka sasa hivi, chai ikishanyweka."

"Ulikuwa unambie lini? Mkishatua?"

"Si wewe uliyesema unataka umalize darasa? Nimekupa nafasi, maliza! Juni unakuja, umesoma, una cheti. Kila mtu kapata alichotaka. Mie nimekosea wapi?"

"Uliniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema unafikiri. Tangu Disemba unafikiri! Mtoto anakohoa, wewe unafikiri."

"Nilikuwa nikwambie leo ndiyo."

Akatabasamu, lile tabasamu la kufungua uso.

"Basi si tumekubaliana, mpenzi?"

Mie nimesafisha matapishi ya mtoto, nimesafisha vinyesi vya panya nyuma ya jiko, nimetia mkono kwenye bomba lililoziba nikatoa nywele za wapangaji wa zamani. Sijapata kuona kinyaa kama nilichokiona kwa tabasamu lile.

"Toka jikoni kwangu," nikamwambia.

"Jokha..."

"Chai nitaleta."

Nikaileta. Ndiyo, niliipika na hiliki na tangawizi, nikaibeba mwenyewe. Vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia, na kila mtu akanionea huruma kwa sababu isiyokuwa yenyewe.

Chumbani kwa wanawake, Bi Thureya alikwishavaa koti. Afnan yuko pembeni yake kavalishwa jaketi lake jekundu. Sikumvalisha mie.

Kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Anapita kwa mmoja mmoja anaomba radhi: kama nimekukosea, nisamehe, sijui kama tutaonana. Aliyeombwa anasema nimekuwia radhi, duniani na akhera. Ndo msafiri anapata roho ya kukanyaga nje. Bi Thureya ni mtu wa mambo hayo. Ameshawahi kurudi kutoka stesheni kwa sababu jirani mmoja alikuwa amelala, hajamuaga.

Akaanza kwa bibi aliyekaa mlangoni. Akaenda kwa wa pili. Wanashikana mikono, wanalia, wanacheka.

"Bi Thureya, utuletee asali ya huko!"

"Nitakuleteeni mzungu mzima, we tulia."

Kicheko. Akafika kwangu. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu Jokha. Mjukuu wangu nitamlea kama jicho langu. Kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, nipe radhi."

Nikaliangalia lile jaketi jekundu.

"Jokha?"

"Sikupi."

Mtu aliyekuwa anakoroga chai akaacha kijiko.

"Unasema?"

"Sikupi radhi, Mama. Nimesikia habari ya safari hii kwa sheikh, kama mlivyosikia nyinyi. Sikuambiwa. Sikukubali. Pilau mliyokula nilipika nikidhani namshukuru Mungu kwa uhai wa mwanangu. Mkiondoka na Afnan mtaondoka bila ya radhi yangu, duniani na akhera."

"Astaghfirullah," mtu akasema.

Bi Thureya hakuachia mikono yangu. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Hafidh kanambia wewe ndiye uliyeomba," akasema polepole. "Kanambia umelia, umemwambia mchukueni mtoto na mama yako, mie nimechoka, nataka kusoma. Nimekuja na basi kutoka Northampton nikisema, masikini mtoto wa watu, elimu imemkaa kooni mpaka anamtoa mwanawe."

"Kanisingizia."

"Hafidh!"

Hafidh akatokea ukumbini, nyuma yake wanaume wawili watatu wanachungulia.

"Mama, tunachelewa."

"Kweli mkeo hajui?"

"Mama, mambo ya mke na mume tutayazungumza kwa simu. Twende."

Bi Thureya akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Akalivua. Akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Mie sipandi ndege bila ya radhi," akasema. "Nikifia juu huko nitamwambia nini Mola wangu?"

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani Mungu kanisikia kwa haraka isiyo ya kawaida. Nikainama kumchukua Afnan.

Hafidh akawahi. Akamnyanyua mtoto juu, juu ya vichwa vya wanawake, akamkalisha mkononi.

"Basi tutakwenda wawili."

Nilimpita mbio. Nikafika mlango wa nje kabla yake, nimekanyaga viatu vya watu, nikaupa mgongo, nikashika komeo kwa nyuma.

"Nipe mtoto."

"Nipishe, Jokha. Usinidhalilishe mbele ya watu."

"Udhalili umeupika mwenyewe. Mie nimepika pilau tu."

Mtu chumbani akacheka kwa woga, akajiziba mdomo. Hafidh akaangaza kulia na kushoto, akaona wote wanamtazama, na nikaona anatafuta njia ya kutoka na uso wake.

Akaipata. Akamshusha Afnan chini, katikati yetu.

"Haya," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mie si dhalimu. Aamue mwenyewe. Afnan, baby, unataka kwenda na baba au kubaki na mama?"

"Muogope Mungu!" Zuwena akapiga kelele kutoka ndani. "Mtoto wa miaka mitatu!"

Hafidh akaitambua ile sauti. Nikaona imempita usoni kama kofi. Lakini hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa, kafungua mikono, anatabasamu.

Mie nami nikachuchumaa. Nachukia kukiri kwamba nilichuchumaa. Ninyooshe mikono kumgombania mwanangu kama watu wanaomwita kuku! Lakini nilinyoosha.

Afnan akaniangalia. Akamwangalia baba yake. Alikuwa na jaketi lake, na kwa mtoto jaketi maana yake ni kutoka.

"Daddy," akasema.

Akamwendea. Akamkumbatia shingo. Hafidh akasimama naye, macho yanang'aa.

"Mmeona wenyewe," akawaambia watu. "Nipishe."

Sikupisha. Nilikuwa nasikia harufu ya samaki, ya ubani, ya mafuta ya mbuzi mikononi mwangu, na ya manukato aliyojipaka mume wangu ili anikimbie akiwa ananukia.

"Jokha," Bi Thureya akaniita kutoka mkekani.

Nikamwangalia, nikitumaini.

"Mpishe."

"Mama?"

"Mpishe, mwanangu. Fungua mlango."

Huyu huyu aliyevua koti kwa ajili yangu. Hakuwa ananitazama mie. Alikuwa anamtazama mwanawe vile mtu anavyotazama kitu alichokigundua kwenye chakula baada ya kukimeza. Sikujua ana lake moyoni, au amechoka tu, au damu imerudi kwenye damu.

Hafidh akapiga hatua moja. Begani kwake Afnan akanigeukia, akaninyanyulia kiganja chake kidogo na kunipungia, vile vile anavyonipungia kila jioni ninapokwenda darasani, hana wasiwasi, anajua tutaonana asubuhi.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye komeo.